Kuba Si Chumba cha Wageni

Ijumaa ile kaka yangu Bashir alikuja kula na mama akiwa na karatasi mbili zilizochapwa kwa kompyuta, kila mtu na jina lake na gari lake. Sisi ni watu wa Ghadames. Hatujawahi kuhitaji karatasi ili kwenda kwetu. Lakini Bashir akishapata wageni wa maana, hata chooni anaweza kwenda na ratiba.

Tulikuwa kwa mama, Ain Zara, kusini mwa Tripoli, katika nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma una matundu ya risasi tuliyoyaziba kwa saruji isiyolingana rangi. Mimi ndiye ninayeishi na mama. Nina miaka arobaini na mitatu, nafundisha hesabu shule ya wasichana, niliolewa nikaachika. Kwa ndugu zangu maana yake ni moja tu: Najia yupo, Najia hana la kufanya, Najia atafanya.

Mama alikuwa amepika bazin, ule ugali wetu wa shayiri, mlima katikati ya sinia na mchuzi wa kondoo umeuzunguka. Bashir akanawa, akakaa, akaanza kusoma kabla hajamega tonge. Safari ya Ghadames, Alhamisi hadi Jumapili, wakati wa tamasha la mji. Magari matatu. La kwanza yeye na Mhandisi Ramzi, mkubwa wa kampuni ambayo Bashir alikuwa akiiwinda mwaka mzima impe kazi ya ujenzi, pamoja na mke wa mhandisi. La pili mtoto wa mhandisi na mkewe, waliofunga ndoa wiki tatu zilizopita. La tatu ndugu yetu mdogo Qasim, Siham mke wa Bashir, na watoto. Akasoma watakapokunywa chai. Akasoma saa ya kufika. Akasoma nani atalala chumba gani katika nyumba ya baba, ile ya mji wa kale.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, tonge mkononi.

“Na mimi nimo gari lipi?”

Bashir akacheka kidogo, kicheko cha kumlainisha mtu.

“Wewe pumzika, Mama. Njia ni saa tisa, na magoti yako hayo. Vizuizi vya askari ndiyo usiseme. Najia atabaki na wewe.”

Hakuniangalia aliposema hivyo. Angesema jokofu litabaki jikoni, angetumia sauti ile ile.

“Hiyo nyumba ni ya nani?” mama akauliza.

“Ya baba, Mungu amrehemu.”

“Kuta za baba yako. Ndani kwa nani?”

“Ndani kwako, Mama. Nani amekataa?”

“Basi soma tena. Hao wageni wa ndani kwangu watalala wapi?”

Bashir akarudi kwenye karatasi. “Mhandisi na mkewe chumba cha juu. Mimi na Siham chumba cha ghala. Maharusi kwenye kuba.”

Qasim aliacha kutafuna. Hata Siham, ambaye si wa kwetu, aliinua macho.

Kuba ya kwetu si ile ya juu ya msikiti. Ni kijumba ndani ya sebule, ukubwa wa kitanda, kimejengewa kuta na ngazi mbili za kupandia, na mlango mdogo wa mtende ambao lazima uiname kuupita. Mwanamke hukikalia mara mbili maishani. Mara ya kwanza ni siku anapoletwa kwa mumewe. Mara ya pili ni mumewe anapokufa, naye hukaa humo akipewa pole. Kati ya siku hizo mbili hufagiliwa na kufungwa. Watoto wakikichezea hupigwa, mimi nilipigwa.

Mama alikiingia mara ya kwanza mwaka 1969, ana miaka kumi na saba. Mara ya pili hakupata.

“Rudia,” akasema.

“Maharusi, Mama, kwenye kuba. Si ndiyo mila zetu? Bibi harusi si huingia kuba? Nimemweleza mhandisi, mkewe kafurahi hajui aseme nini. Wanataka na picha.”

“Huyo msichana namjua? Nilimposa mimi? Kuna mtu wa ukoo wake aliyezikwa Ghadames?”

“Mama, ni siku tatu tu.”

“Siku tatu,” mama akasema. “Mwanangu, siku tatu ndizo nilizokuomba.”

Nilijua anachosema, maana nilikuwepo kila alipoomba. Baba alikufa Mei 2019, katikati ya Ramadhani, vita vikiwa vimefika mlangoni kwetu. Tulikuwa tumekimbilia Janzour, nyumba moja familia tatu. Moyo wake ulisimama alfajiri baada ya daku. Bashir akasema barabara ya kusini haipitiki, tukamzika hapo hapo. Na mama alikaa eda kwenye ujia wa nyumba ya watu, nyuma ya shuka tuliyoitundika kwa misumari, miezi minne na siku kumi, wanaume wasiomjua wakipita na makopo ya maji kwenda chooni. Kila asubuhi alikunja godoro lake ili watu wapite. Sijawahi kumwona mtu akifedheheka kimya kimya namna ile.

Vita vilipokwisha alimwambia Bashir, nipeleke nikakae kwenye kuba yangu, hata siku tatu tu, majirani wanipe pole ya baba yenu, Haji Yusha. Bashir akasema barabara bado. Mara ya pili akasema korona. Mara ya tatu petroli. Mara ya nne gari liko gereji. Mara ya tano kazi. Mara ya sita alimwambia, “Mama, baba keshakufa, kuna haja gani?” Mara sita. Mimi ndiye niliyekuwa namimina chai.

Sasa barabara ilikuwa nzuri, petroli ilikuwepo, na magari yalikuwa matatu.

Mama hakupiga kelele. Aliinuka kwa kushikilia bega langu, akainama, akalinyanyua sinia la bazin, wanawe wakiwa na mikono hewani, akaondoka nalo.

“Mama, hatujashiba!” Qasim akasema.

“Kuleni karatasi,” akajibu kutoka jikoni.

Bashir alinifuata uani. Alikuwa amekasirika jinsi anavyokasirika siku zote, kama mtu aliyedhulumiwa.

“Mtulize. Ameshazeeka, kila kitu anakikuza.”

“Mtulize mwenyewe. Wewe ndiye uliyemchoma.”

“Najia, usinianzie. Kazi hii ikitoka tutakula wote.”

“Mimi sina njaa, Kaka.”

“Ndiyo maana uliachika. Mdomo.”

Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji ya kudekia. Hadi leo najutia kwamba niliishusha chini.

*

Jumamosi asubuhi nilimkuta mama kwenye simu, anazungumza lugha yetu ya Ghadames, ile ambayo Siham huita ya majini. Alipiga simu saba. Alipomaliza alinyoosha vidole na kuanza kuhesabu.

“Othman anaondoka Jumatano baada ya alfajiri. Nimechukua viti viwili vya mbele. Leo ununue dawa zangu za presha za mwezi mzima. Mto wa magoti upo. Mayai utachemsha Jumanne. Shuleni utaomba siku nne.”

Ami Othman ni mtu wa kwetu. Ana basi dogo linalopeleka watu na vifurushi Ghadames kila Jumatano na kurudi Tripoli kila Jumatatu.

“Mama, na Bashir?”

“Bashir yumo ratiba ya Bashir.”

“Hatumwambii?”

“Yeye aliniambia? Kaandika safari bila mimi, mimi nimeandika yangu bila yeye. Tofauti ni kwamba ya kwangu haina makosa.”

Niliogopa. Sisemi uongo, nilikaa chooni dakika kumi nikiogopa. Wanawake wawili, saa tisa za njia, na kaka yangu ana ulimi wa kutangaza ukoo mzima kwamba nimemtorosha mama. Halafu nikamkumbuka akikunja lile godoro. Nikatoka, nikaenda duka la dawa.

Siku nne zile mama alipanga kama jemadari. Nilidhani najua kupanga, mimi ninayepangia ratiba madarasa kumi na mawili. Aliniambia tusimame Nalut kwa sababu choo cha pale kina maji, tusisimame Derj kwa sababu Bashir ana rafiki pale mwenye mgahawa na mdomo. Aliniagiza kahawa ya kutosha watu mia. Alitoa kabatini nguo nyeupe ambayo sikuwahi kuiona, akaianika upande wa jirani ili wanawe wakipita wasiione.

Qasim alikuja Jumanne kuleta gesi. Akaliona begi mlangoni, akaiona ile sufuria ya mayai.

“Mama, mnakwenda wapi?”

“Hammamu.”

“Na mto?”

“Maji ya moto hulegeza watu.”

Qasim si mjinga. Alisimama akichezea ufunguo wa gari. Mama akamsogelea mpaka kidevu kikagusa kifua chake.

“Ukisema, Qasim, radhi yangu usiitafute. Hata nikifa usishike jeneza.”

“Mimi sijaona kitu, Mama.”

“Ndiyo kawaida yako. Endelea hivyo hivyo mpaka Alhamisi.”

Jumatano kulipokucha tulikuwa tumeshapita Gharyan. Mama alikaa mbele karibu na dirisha, magoti juu ya mto, hasemi. Abiria wengine walikuwa wanafunzi wanaorudi kwa ajili ya tamasha na bwana mmoja mwenye sanduku la vifaranga. Hakuna aliyetuuliza kitu mpaka kizuizi cha pili baada ya Nalut. Askari aliingiza kichwa, akatazama vitambulisho vyetu, akatutazama sisi.

“Hajati, mwanaume wenu yuko wapi?”

“Kaburini, Janzour,” mama akasema. “Nenda kamuulize kama ametupa ruhusa.”

Ami Othman alikohoa. Yule askari aligeuza vitambulisho kama vimeandikwa nyuma, akavirudisha, akasema Mungu amrehemu. Mama akaitikia amina kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

*

Tulifika alasiri. Tahir, binamu yetu anayeangalia nyumba, alikuwa ameketi kwenye benchi la udongo nje ya mlango, ndani ya ile njia iliyoezekwa ambamo hata mchana unahitaji macho yazoee. Alipomwona mama alisimama kama aliyeumwa na nge.

“Hajati! Mbona Bashir kasema Alhamisi?”

“Bashir ni Alhamisi. Mimi ni Jumatano. Fungua.”

“Ngoja kwanza nipange pange—”

“Tahir. Fungua.”

Tukapanda ngazi hadi sebuleni, mimi nikimsukuma mama kwa nyuma. Mwanga ulikuwa unashuka kutoka kwenye tundu la dari, na kitu cha kwanza nilichokiona ni godoro la springi, jipya, bado lina karatasi ya nailoni. Lilikuwa ndani ya kuba. Godoro la futi sita haliingii kwenye mlango wa kuba, kila mtu anajua. Ndiyo maana fremu ya mtende ilikuwa imekatwa kwa msumeno, upande wa kulia wote, na plasta imemong’onyoka mpaka matofali ya udongo yakaonekana. Waya wa umeme ulikuwa umepigiliwa juu ya ukuta mweupe, katikati ya michoro myekundu. Michoro ile mama aliichora mwenyewe na dada zake wiki moja kabla ya harusi yake, pembe tatu na nyota na vidole, akitumia kijiti. Msumari mmoja ulikuwa katikati ya nyota. Vioo vyake na vyombo vya shaba vilivyokuwa vimening’inia ukutani miaka hamsini na tatu vilikuwa kwenye mfuko wa saruji, pembeni, kimoja juu ya kingine.

Nilitaka kumpiga Tahir. Nilitaka kushuka, nisimame barabarani, nimsubiri Bashir kwa jiwe.

Mama aliketi kwenye ngazi ya kuba, akatia mkono ndani ya ule mfuko, akatoa kioo kimoja. Kilikuwa kimepasuka.

“Nani kashika msumeno?”

“Hajati, niliambiwa na—”

“Sijauliza nani kasema. Nimeuliza nani kashika.”

“Mimi,” Tahir akasema.

“Ulikuja harusini kwangu, Tahir. Ulikuwa na miaka minne. Ulinikojolea hapa hapa, juu ya zulia, wakakucheka.”

Tahir akainamisha kichwa. Ni mtu mzima mwenye wajukuu.

“Toa godoro. Na huo waya. Taratibu, ukibandua rangi yangu nitakubandua ngozi.”

Akatoa. Nilitaka kusaidia, mama akanizuia. Alimwacha alishushe peke yake ngazi zote zile, godoro likikwama kila kona, naye anahema na kuomba samahani kwa kuta. Kisha mama akaniambia nichote maji, tukafagia, tukapangusa, tukakunja zulia la zamani tukaliweka ndani ya kuba iliyojeruhiwa vile.

“Tutakaaje hapa, Mama? Mlango umeharibika.”

“Nakaa mimi, haukai mlango.”

*

Alhamisi asubuhi wanawake walianza kuja. Mji wetu una njia mbili: wanaume hupita chini gizani, wanawake hupita juu, paa hadi paa, na mwanaume hana ruhusa huko. Familia nyingi zimehamia mji mpya siku nyingi, lakini simu saba za mama zilikuwa zimefanya kazi yake. Niliwasikia kabla sijawaona, nyayo juu ya dari, halafu ngazi. Wa kwanza alikuwa Bi Zahwa, binamu yake mama, ana miaka themanini na hana jino hata moja.

Mama alikuwa ameoga. Alikuwa amevaa ile nguo nyeupe. Aliinama akaingia kuba, akaketi akielekea mlangoni, mikono magotini.

Bi Zahwa akasimama mbele yake, akapiga paja.

“Umechelewa, Tibra!”

“Nilicheleweshwa.”

“Haya. Yusha kafa?”

“Kafa, dada yangu.”

Ndipo mama yangu akalia. Miaka mitatu na nusu sikuwahi kumsikia akilia kwa sauti. Janzour alilia kwa kuuma shuka, kwa sababu watu walikuwa nyuma ya ukuta. Sasa alilia kama anavyotakiwa kulia mjane, na wanawake wakalia naye, wengine wakimlilia baba, wengine nadhani wakiwalilia waume zao wenyewe waliokufa ugenini. Mimi nilimimina kahawa. Nilikuwa nimekasirika mno, machozi hayakupata njia.

Bashir alifika na wageni wake karibu na magharibi, saa ile ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Tulimsikia chini akisema kwa sauti ya mtembeza watalii, karibuni, karibuni, angalieni kichwa. Tahir alikuwa amejificha, hakumwonya. Bashir alitangulia kupanda, sanduku la mhandisi mkononi, uso bado una tabasamu, akaibuka sebuleni. Wanawake thelathini na kitu wakageuka kumtazama. Na ndani ya kuba, mama yake.

Sanduku lilimponyoka.

Nyuma yake akapanda mke wa mhandisi, Bi Inas, mwanamke mnene mwenye miwani. Alitazama mara moja tu. Alivua viatu, akapita katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya kuba na kumshika mama mikono.

“Mungu akupe subira, Hajati. Hatukujua, wallahi. Ni lini?”

“Miaka mitatu na nusu, mwanangu,” mama akasema. “Nilikuwa nasubiri usafiri.”

Bi Inas akageuka polepole akamtazama Bashir. Bashir alikuwa mwekundu hadi shingoni.

“Mama, naomba tuzungumze pembeni.”

“Mjane hazungumzi pembeni. Sema hapa.”

Bashir alishuka, na mimi nikamfuata, kwa sababu sikutaka kukosa. Mhandisi Ramzi alikuwa amebaki njiani chini kama mtu mwenye adabu, na bibi harusi na bwana harusi wamesimama nyuma yake na kamera.

“Kuna nini juu?” akauliza.

“Mama... ni mambo ya kimila tu, Mhandisi. Tutayapanga.”

“Anapokea pole ya baba yetu,” nikasema mimi. “Hakuwahi kuipokea hapa kwake. Alimwomba kaka ampeleke mara sita.”

“Najia, nyamaza!”

“Na kile kijumba mlichopewa mlale ndipo mahali pake. Kilivunjwa mlango ili godoro lenu liingie.”

Yule bibi harusi aliiweka kamera mkobani, akaufunga.

“Bashir,” mhandisi akasema, “una msiba nyumbani kwako, nawe umenialika kwenye tamasha?”

Wakaenda kulala nyumba ya wageni mji mpya. Bashir alinigeukia, mkono umeinuka. Sikurudi nyuma. Nilimwambia, piga, wanawake thelathini wanasikia. Akaushusha.

Lakini hakupata pa kwenda. Mjane akishakaa, wanaume wa mtaa huja kuwapa pole watoto wa marehemu, na habari ilikuwa imeshaenea. Baada ya swala ya magharibi walijaa kwenye uwanja mdogo ulioezekwa karibu na msikiti, wazee kwa vijana, na Bashir na Qasim wakalazimika kusimama ukutani na kupokea mikono. Ijumaa hivyo hivyo. Jumamosi hivyo hivyo. Nje ya kuta ngoma za tamasha zinalia, ngamia wanakimbizwa, na kaka yangu yumo gizani, kanzu ya kuazima, anasema Mungu akulipeni, Mungu akulipeni, meno yameumana. Mhandisi alikuja Ijumaa, akampa mkono kama wengine, akasema maneno yanayosemwa, akachukua familia yake wakarudi Tripoli kabla ya adhuhuri.

Jumamosi alasiri Bashir alisimama chini ya tundu la mwanga lililoko njiani, akaita juu. Mama alikuwa paani kunyoosha miguu, wanawake wamekaa pembeni wanachambua tende.

“Mama! Shuka!”

“Panda wewe.”

“Siwezi kupanda, wanawake wapo!”

“Basi baki.”

“Umenivunjia kazi, Mama! Mwaka mzima! Umenidhalilisha mbele ya watu!”

Bi Zahwa akasema, “Ana sauti nzuri, angekuwa muadhini.” Wanawake wakacheka. Mama hakucheka. Alisogea ukingoni, akainama juu ya lile tundu.

“Ulipoandika majina kumi na moja na langu halimo, nani alimdhalilisha nani?”

“Nilikuwa nakufikiria magoti!”

“Magoti yangu yamekaa saa tisa kwenye basi la Othman. Hayajalalamika. Wewe ndiye unayelalamika.”

“Ungeniambia tu! Ungesema, Bashir, jambo hili linaniuma!”

Mama aliniangalia, na uso wake ulikuwa umekunjamana.

“Najia, nilimwambia mara ngapi?”

“Sita.”

“Umesikia, Bashir? Sita! Na mara ya sita ulinijibu kuna haja gani. Sasa haja umeiona. Imepanga foleni hadi msikitini.”

Tulisikia hatua zake zikienda. Qasim aliniambia baadaye kwamba usiku wa Ijumaa mzee mmoja aliyesoma Kurani na baba alimshika Bashir mkono akakataa kuuachia, akimsimulia baba alivyokuwa kijana, na kwamba Bashir alilia mpaka wakamtolea kiti. Labda. Qasim hupenda kupoza watu. Mimi hasira zangu hazikupungua hata kijiko.

Jumapili aliondoka. Hakupanda kumuaga mama. Mimi alinikuta mlangoni, natoa takataka.

“Wewe ndiye uliyemleta.”

“Alinileta yeye. Lakini ningemleta.”

“Usinipigie simu tena.”

“Uliniona napiga lini?”

Siham alishusha kioo cha gari, akanitazama, akaniwekea mkononi kopo la karanga alilokuwa amewachukulia watoto, bila neno. Wakaondoka. Tahir alikuja mchana na fundi wa mtende kupima fremu ya kuba, na mama akawaambia wangoje amalize, hakuna anayepima mlango mtu yumo ndani.

Siku tatu alizoziomba zilikuwa zimekwisha. Nilimuuliza nimwambie Ami Othman atuwekee viti vya Jumatatu? Mama alikuwa ndani ya kuba, Bi Zahwa amesinzia miguuni pake.

“Kwani nimesema nimemaliza?” akasema.

Nikapanda paani mtandao unakoshika, nikampigia mwalimu mkuu, nikamwomba wiki moja zaidi. Akauliza sababu.

“Nimefiwa na baba.”

“Mwalimu Najia,” akasema, “baba yako si alifariki wakati wa vita?”

“Ndiyo,” nikasema, na sauti ikaanza kunikatika. “Ila nafasi nimeipata sasa.”